Mbalizi kwa baiskeli: Njia tulivu zipo, kazi ni kuvuka barabara kuu

Mzazi, kama umewahi kupita Mbalizi ukiwa ndani ya basi la Tunduma, unachokumbuka ni malori. Yanashuka kutoka Iwambi yakifuatana, yamebeba mafuta na makontena ya Zambia na Kongo, injini zikinguruma kwenye gia ndogo. Pembeni yake kuna bodaboda, bajaji, wauza parachichi na wanafunzi wanaovizia mwanya wa kuvuka. Mji wenyewe umejipanga kando ya barabara kuu ya TANZAM, magharibi kidogo mwa Jiji la Mbeya, na ukiutazama kupitia dirisha la basi huwezi kudhani ni mahali pa kumpeleka mtoto na baiskeli.

Ndivyo wanavyofikiri pia wazazi wengi wanaoishi hapo. Nimeingia nyumba kadhaa za Mbalizi nikakuta baiskeli ya mtoto imeegeshwa stoo, tairi zimeishiwa upepo, juu yake kumewekwa ndoo na magunia. Ilinunuliwa kwa furaha, pengine mtoto alipofaulu darasani, ikaendeshwa uani wiki mbili, halafu mama akasikia mtoto wa mtaa wa pili amegongwa. Stoo ikafungwa.

Siwalaumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kwa mzazi anayelala akisikia breki za malori, hiyo si takwimu ya mbali.

Lakini shirika hilohilo linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili kiasi cha kupumua haraka na kutoka jasho. Zamani dakika hizo zilikuja zenyewe: kisimani, shambani, shuleni kwa miguu. Leo mtoto wa Mbalizi mjini anapelekwa shule na bajaji na akirudi anakaa mbele ya katuni. Baiskeli iliyofungiwa stoo nayo ina gharama yake, ila gharama hiyo haionekani siku hiyohiyo.

Kwa misimu miwili ya kiangazi sasa nimekuwa nikiendesha baiskeli kuzunguka eneo hili, mara nyingi nikiwa na binti wa dada yangu mwenye miaka 11. Nilichokiona ni kwamba barabara kuu ni kama kamba moja iliyonyooshwa bondeni. Ukiiacha, uende kaskazini au kusini, baada ya dakika chache makelele yanakatika, unabaki na sauti ya cheni yako na jogoo wa watu. Hatari ya Mbalizi imekaa kwenye mita mia tatu za kwanza na mita mia tatu za mwisho za safari. Ukizimudu hizo, zilizobaki katikati ni mali ya mtoto.

Mita mia tatu za kwanza

Kanuni yangu ni kwamba mtoto haendeshi baiskeli kwenye barabara kuu hata hatua kumi. Anashuka, anasukuma. Sijali anasema anajua.

Tukitokea Mbeya mjini hatushuki Iwambi kwa baiskeli kabisa. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Uwanja wa Ndege wa Songwe, mbele ya Mbalizi, uko kwenye mita 1,340 hivi. Maana yake karibu mita 350 za kimo zinapotea ndani ya safari fupi, na kila lori lenye breki zilizochoka linazipoteza pamoja nawe. Nimeona watu wazima wakiuteremka mteremko ule wakiwa wamefunga gunia la mkaa nyuma. Wana sababu zao, wanatafuta riziki. Wewe na mwanao mnatafuta mazoezi, kwa hiyo kodi kirikuu. Kirikuu kimoja kinabeba baiskeli nne na wenyewe bila shida, na mkigawana nauli familia mbili haiumi.

Jinsi ya kuvuka ndiyo somo lenyewe. Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo gari la kwanza kukufikia linatoka kulia kwako: tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Mtoto awe upande wako ulio mbali na magari yanayokuja, baiskeli yake aishike kwa mikono miwili. Na kama dereva wa lori amesimama akakupungia mkono upite, mshukuru, lakini usikimbie. Nyuma ya lori lililosimama kuna bodaboda ambayo haijui kwa nini limesimama, nayo inalipita. Fika mwisho wa bampa, chungulia, ndipo uendelee. Hili nalirudia kila tunapovuka mpaka mpwa wangu ananiimbia kabla sijafungua mdomo.

Kuna jambo jingine hapa linalowahusu wazazi wote wa Mbalizi, hata wasio na baiskeli. Barabara kuu inapanuliwa kuwa ya njia nne kutoka Nsalaga, upande wa mashariki wa jiji, hadi Ifisi karibu na uwanja wa ndege, kilomita 29. Kipindi cha ujenzi kivuko ulichokizoea wiki iliyopita unaweza kukikuta ni mtaro. Na barabara ikikamilika itakuwa pana, laini, na gari litakimbia zaidi kuliko sasa. Njia nne ni umbali mrefu kwa miguu ya mtoto wa miaka saba. Swali la kuuliza kwenye mkutano wa hadhara ni vivuko vya watoto vitakuwa wapi, na liulizwe sasa wakati wakandarasi bado wapo.

Utengule, njia ya kuanzia

Upande wa kaskazini wa barabara kuu kuna barabara inayokwenda Utengule, kisha inaendelea kuelekea Galula na Mkwajuni kwenye bonde la Rukwa. Hiyo yenyewe ina magari yake, hasa siku za gulio. Ninachokipenda ni njia za pembeni zinazochepuka kuingia mashambani, za udongo mwekundu, upana wa trekta moja. Mkono wako wa kulia unakuwa na safu ya milima ya Mbeya imesimama kama ukuta, na mkono wa kushoto bonde limefunguka hadi macho yachoke.

Kwenda Utengule na kurudi ni chini ya kilomita ishirini. Kwa mtoto wa miaka 10 hadi 12 aliyezoea baiskeli hiyo ni asubuhi nzima pamoja na kusimama kunywa maji, kutafuna miwa na kubishana. Njia inapanda na kushuka, hainyooki. Mara ya kwanza mpwa wangu aliniuliza, "Ma'mdogo, huu ndio mlima wa mwisho?" Nilimjibu ndiyo. Aliniuliza tena mara nne, na kila mara nilimjibu ndiyo.

Huku ni nchi ya kahawa. Ni Arabica, ile inayopenda baridi ya mwinuko. Ukija Juni hadi Agosti utakuta watu wamo mashambani wanachuma buni nyekundu, na karibu na mitambo ya kumenya utasikia harufu ya maganda yanayochacha, kali kidogo, kama togwa iliyozidi siku. Ukija baada ya mvua za kwanza, kahawa inachanua maua meupe yenye harufu ya asmini, lakini wakati huo udongo nao umeanza kunata kwenye tairi. Mwenye mtoto mdogo achague kiangazi.

Hii si barabara ya matembezi tu, na mtoto anatakiwa alione hilo. Baiskeli utakazokutana nazo zinafanya kazi: madumu ya maziwa pande mbili za keria, mikungu ya ndizi, kuni, mama na mtoto mgongoni. Anayepanda na mzigo ndiye mwenye njia. Ninyi mnaotembea mnakaa pembeni, mnasimama ikibidi, mnasalimia. Kwa wazee tunaanza na shikamoo, na mpwa wangu amejifunza kuongeza "Ugonile" akisikia lafudhi ya Kinyakyusa, ingawa hapa wenyeji ni Wasafwa. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kivulini alimjibu, "Marahaba mjukuu wangu, mbona umeivaa sufuria kichwani?" Ilikuwa ni kofia ngumu yake. Akaivua, akampa bibi aigonge kwa vidole, wakacheka.

Kwa watoto wa darasa la tano na kuendelea kuna hadithi ya kuwasimulia mkiwa mmepumzika. Katika mkoa huu kuna Utengule mbili, hii ya Usongwe na nyingine ya Usangu, wilayani Mbarali. Zinaunganishwa na Merere, mtawala wa Wasangu, ambaye katika karne ya 19 alisukumwa na Wahehe kutoka nchi yake akaja kujijengea ngome huku Usafwa. Baadaye, Wajerumani walipoingia, Wasangu walirudi kwao. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo hapa Utengule mwaka 1895. Mtoto anayekariri tarehe kwa ajili ya mtihani anashangaa kugundua kwamba vita vile vilipita kwenye njia hii anayoikanyaga na baiskeli.

Breki kwanza

Kabla sijaendelea na njia nyingine niseme hili, kwa sababu nchi ya milima haina huruma na baiskeli mbovu. Baiskeli nyingi za watoto tulizonazo ni mtumba wa Japani au mpya za bei nafuu. Zote mbili zinaweza kuwa nzuri. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, finya breki: lisimame papo hapo. Fanya hivyo nyuma. Kisha mwambie mtoto afinye mwenyewe, kwa vidole vyake. Breki ambayo mkono wako unaiweza na mkono wake hauiwezi ni sawa na kukosa breki. Fundi wa chini ya mti anaikaza kwa dakika tano.

Ukubwa wa baiskeli nao. Sare ya shule tunanunua kubwa ili akue nayo, na tumezoea kufanya hivyo hata kwenye baiskeli. Uwanjani haina neno sana. Kwenye mteremko mtoto asiyefikisha nyayo zote mbili chini akiwa amekaa kwenye siti hawezi kusimama kwa dharura, ataangukia upande wowote baiskeli itakaoamua. Shusha siti mpaka mwisho, na kama bado hafiki, baiskeli hiyo si yake bado.

Kushuka kuna ufundi wake: anafinya breki zote mbili kidogo, anaachia, anafinya tena. Akiibana ya mbele peke yake kwa nguvu, gurudumu linasimama na mwili unaendelea na safari. Uzito aupeleke nyuma, viwiko vilegee. Mfundishe hayo kwenye mteremko mfupi wenye nyasi kabla ya ule wa kokoto.

Kofia ngumu hupatikana kwenye mitumba ya Mwanjelwa ukiwa na subira ya kupekua. Ikague kwa ndani; yenye ufa, hata mwembamba, iache hapo. Ikae juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili, na mkanda wa kidevuni uruhusu kidole kimoja au viwili tu kupita. Mtoto akitikisa kichwa na kofia ikabaki nyuma, haijakaa.

Umalila: Panda kwa baiskeli, rudi kwa gari

Upande wa kusini mambo ni tofauti. Barabara ya Mbalizi kwenda Ilembo, Shigamba hadi Isongole wilayani Ileje inapanda kuingia Umalila, na inapopanda haitanii. Huku ndiko viazi vinakotoka. Utakutana na malori yaliyojaza magunia ya lumbesa mpaka yanaegama, lakini kati ya lori moja na jingine kunakuwa na kimya kirefu, na vijia vya vijijini vinavyozunguka migongo ya vilima ni vizuri kuliko vyovyote nilivyoviona mkoa huu. Asubuhi ukungu unakuwa chini yenu. Mashamba yamepangwa mpaka kwenye miteremko ambayo ungedhani mbuzi tu ndiye angesimama.

Hii ni njia ya kijana wa miaka 14 na kuendelea, mwenye baiskeli ya gia. Na ushauri wangu unashangaza watu: pandeni kwa baiskeli, mrudi kwa gari. Wengi wanafikiria kinyume chake, wapakie baiskeli kwenye kirikuu hadi juu, halafu wateremke wakifurahia upepo. Kupanda kunachosha tu. Ukishindwa unashuka unasukuma, kama wanavyofanya Wamalila wenyewe na mizigo yao, wala hakuna aibu. Kuteremka kilomita nyingi mfululizo kwenye kokoto, mikono ya kijana ikiwa imechoka na breki zimepata moto, huku lori la viazi linakuja nyuma, ndiko kunakopeleka watu wodini. Upepo wa usoni ni mtamu, lakini mwachie atakapokuwa mtu mzima.

(Ndugu zetu wa Kyela watanicheka. Kwao ni tambarare, baiskeli inabeba kila kitu kuanzia abiria hadi mpunga, na mtoto anajua kuendesha kabla hajajua kusoma. Sisi wa milimani baiskeli tunaisukuma nusu ya safari na bado tunasema tumeiendesha.)

Hewa ya Umalila ni nyepesi na ya baridi, kwa hiyo mtoto hasikii kiu. Mwili unapoteza maji vilevile. Anywe kidogo kila baada ya dakika ishirini, bila kusubiri aombe. Jua la mwinuko nalo linaunguza hata kama mnavaa masweta. Mikono mirefu na kofia pana mnaposimama ni lazima kwa mtoto mwenye ualbino, na ni busara kwa wote. Mwenye pumu asiondoke bila dawa yake ya kuvuta, tena ikae mfukoni mwake mwenyewe. Vumbi la Septemba na Oktoba halimsubiri mama aliyebaki nyuma mita mia mbili.

Bonde la Songwe

Ukielekea magharibi, kupita Ifisi na uwanja wa ndege, ardhi inalala. Bonde la Songwe ni la joto zaidi, na ndiko mahali pazuri kwa mtoto wa miaka saba au nane anayejifunza kuendesha mbali. Ila chagua upande. Kiwanda cha saruji kiko huku, na malori yake hayana Jumapili. Kaeni kwenye njia za vijijini.

Hapa kuna jambo la kuwachanganya walimu wa jiografia. Tuna mito miwili inayoitwa Songwe. Mmoja unapakana na Malawi na kumwaga maji Ziwa Nyasa. Huu wa kwetu unakwenda upande wa pili kabisa, kaskazini magharibi, hadi Ziwa Rukwa. Mkoa mpya uliogawanywa kutoka Mbeya mwaka 2016 ukachukua jina hilohilo.

Watu watawaelekeza kwenye maji moto na Mapango ya Popo, yote yako kwenye miamba ya chokaa kando ya mto. Maji moto ni ya kutazamwa. Yanapochomoka ardhini yanaunguza kweli, na ukingo wake unateleza, kwa hiyo mtoto mdogo mshike mkono badala ya kumwambia "usisogee". Watoto wa shule hupelekwa, na ni kweli hakuna kitabu kinachoeleza Bonde la Ufa vizuri kuliko maji yanayochemka yenyewe bila moto.

Mapangoni mimi simuingizi mtoto. Nimeandika habari za Marburg, ugonjwa uliotangazwa Kagera mwezi Machi 2023 na tena Januari 2025, na virusi vyake vinajulikana kubebwa na popo wanaokula matunda, wale wanaokaa mapangoni. Sisemi mapango ya Songwe yana virusi hivyo. Nasema kinyesi cha popo, hata bila Marburg, kinaweza kuwa na fangasi wanaoshambulia mapafu ukivuta vumbi lake, na mtoto ni mtu wa kugusa ukuta kisha kuweka kidole mdomoni. Mlango wa pango unaonekana vizuri kabisa ukiwa nje.

Wasomaji wa Iringa, ambao huniandikia kwamba Mbeya tunajipendelea, kanuni ni hiyohiyo kwenu. Njia za ndani ya mashamba ya chai Mufindi ni za watoto. Barabara ambazo malori ya mbao yanatokea msitu wa Sao Hill si za watoto. Na Kalenga, penye makumbusho ya Mkwawa na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954, ni umbali wa asubuhi moja kutoka mjini. Barabara hiyo ndiyo inayokwenda Hifadhi ya Ruaha, kwa hiyo ondokeni kabla magari ya watalii hayajaamka.

Swali la akina mama

Kila ninapoandika kuhusu baiskeli napata ujumbe wa aina moja, karibu wote kutoka kwa akina mama, kwa maneno ya kuzunguka: binti akishavunja ungo, si kuendesha baiskeli kutamharibu? Wanamaanisha bikira.

Jibu ni hapana. Ngozi ile hutofautiana sana kati ya msichana na msichana, wengine huzaliwa nayo kidogo mno, na haiwezi kutumika kupima tabia ya mtu, iwe anaendesha baiskeli au haendeshi. Kinachoweza kumsumbua binti ni siti ngumu iliyoinuka pua, inayomchubua. Ilaze iwe sawa, na avae suruali au kaptura chini ya sketi, isiyo na mshono mnene katikati. Akiwa kwenye siku zake na anajisikia vizuri, aendeshe. Nasikitika ninapoona msichana wa miaka 13 aliyekuwa anawaacha kaka zake kwenye mlima, mwaka unaofuata amebaki nyumbani kuwasubiri warudi.

Mkianguka

Wataanguka. Magoti yaliyochubuka yanaoshwa kwa maji safi mengi na sabuni, yanafunikwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno wala majivu. Beba maji ya ziada kwa kazi hiyo, bandeji, na pakiti mbili za ORS.

Aliyegonga kichwa akatapika, akasinzia isivyo kawaida, au akashindwa kukumbuka ameangukaje, anahitaji hospitali hata kama anasema yuko sawa. Kwa anayelalamika shingo au mgongo, msimnyanyue kumpakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, kama tulivyozoea. Alale alipo, kichwa kishikwe kisigeuke, mtu akatafute gari ambalo anaweza kulazwa. Ukiwa upande huu wa Mbalizi, hospitali ya karibu ni ile ya Ifisi, iliyo kandokando ya barabara kuu. Weka namba ya mwenye kirikuu kwenye simu yako kabla ya kuondoka, na hakikisha simu ina chaji, kwa sababu nyuma ya vilima vya Umalila mtandao nao unapanda na kushuka.

Kuhusu saa, mimi huchagua Jumapili. Saa 1 asubuhi barabara kuu inakuwa imepungua magari, na bodaboda wengi bado wamelala au wako kwenye chai. Kuanzia saa 3 watu wanaelekea makanisani na njia za vijijini zinajaa waenda kwa miguu waliovaa nguo safi, ambao hawapendi vumbi lenu, na wana haki. Juni na Julai ongeza nusu saa, maana baridi ya alfajiri inaganda vidole na vidole vilivyoganda havifinyi breki. Siku moja kabla, uliza mtu wa huko gulio ni lini. Kijiji kilichokuwa kimya wiki iliyopita kinaweza kuwa na malori kumi na ng'ombe barabarani. Sisi hujipangia kuwa tumeshavuka tena barabara kuu, tukisukuma, kabla ya saa 4 na nusu, na baada ya hapo ni chipsi mayai Mbalizi mjini tukimsubiri mwenye kirikuu, ambaye hajawahi kufika kwa wakati hata siku moja.